Kuni za Mzee Jivani

Jumbe nyingi zikiingia kwa pamoja, simu yangu hutoa mlio kama maharage makavu yanayomwagwa kwenye ungo. Hapo najua ni kundi letu la mijadala ya dini. Tulilianzisha sisi tuliosoma pamoja Rulenge na sasa tumetawanyika, mmoja yuko Mwanza, mwingine Dodoma, mwingine hajulikani aliko ila huamka mapema kuliko wote kutuma aya. Wakristo wamo, Waislamu wamo, na wanavutana kwa raha ya watu wanaojua kwamba kesho watavutana tena. Mhindu na Mbuddha huingia humo kama mfano tu. "Hata Wahindu wana sanamu," mmoja atasema. "Hata Wabuddha hufunga," mwingine atamjibu. Wakishatumika wanaachwa, kama kiti kilichoazimwa kwa ajili ya sherehe.

Juzi mmoja aliweka picha ya moto kando ya mto, akaandika: "Hawa wanaochoma wafu wao, mnawatetea vipi?" Vikafuata vikatuni vya kucheka. Mwingine akauliza, nadhani kwa utani: "Kwani humu kuna Mhindu? Mbuddha je? Jitokezeni basi." Juu ya kioo cha simu pakaonekana kwamba mtu anaandika. Ilikuwa namba isiyo na jina, yenye picha ya taa ndogo ya udongo. Akaandika, akaandika, akaacha. Hakuna kilichokuja.

Ndipo ikanijia harufu ya samli inayoungua juu ya mkaratusi.

Mzee Jivani alikuwa na duka Rulenge, mji wetu mdogo karibu na mpaka, tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa mrefu, akiinama kuingia katika mlango wake mwenyewe, na sisi watoto tuliamini mlango ule ulijengwa na fundi aliyemchukia. Aliuza chumvi, majembe, kanga na mafuta ya taa. Ukimwamkia shikamoo, alijibu, "Marahaba, mjukuu, mama hajambo?" kisha akakumegea kipande cha sukari guru. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka aliwasha taa ya udongo mbele ya picha ya kijana wa rangi ya buluu aliyeshika filimbi. Tulidhani ni ndugu yake aliyefia mbali. Hakuna aliyemuuliza. Kwetu alikuwa Mhindi, na Mhindi lilikuwa neno la duka. Halikuwa neno la dini.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walivuka mpaka wakiwa wengi hivi kwamba kutoka mbali kilima kilionekana kinatembea. Walihitaji kupika, na sisi tulihitaji kupika, na miti haikuwa na la kusema. Vilima vilinyolewa. Mama zetu walitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua limepanda, na walichobeba kilikuwa zaidi mizizi kuliko miti.

Ningependa kuwaambia kwamba niliumia moyo. Sikuumia. Mtoto huzoea kile anachoonyeshwa mara nyingi. Tuliona watu wakizikwa kando ya barabara, tukasogeza kamba yetu upande wa pili na kuendelea kuruka. Hata misiba ya kwetu ilifupishwa. Zamani moto wa msiba uliwaka siku kadhaa uani, watu wakiuzunguka. Miaka ile uliwashwa asubuhi, jioni ukazimwa kwa maji ili vijinga vya kuni vilivyobaki vitumike kesho.

Desturi moja tu haikuguswa. Kwetu mwanamke haendi msibani mikono mitupu, hubeba kuni. Na kuni ikishalazwa chini kwenye ua wa msiba hairudi nyumbani, hata ikibaki. Anayeirudisha amebeba kifo na kukipeleka jikoni kwake. Hilo tulilijua kabla ya kujua Baba Yetu.

Mzee Jivani alifariki usiku, katikati ya masika. Asubuhi mwanawe, Hari, aliyekuwa akimsaidia dukani, alionekana mlangoni amenyoa kichwa. Kwa kawaida wafu wao walipelekwa Mwanza, ambako walikuwa na mahali pao. Lakini siku zile magari hayakukatiza msitu wa Biharamulo peke yake kwa sababu ya majambazi. Yalikusanyika, yakasubiri polisi, yakaenda kwa msafara, na msafara uliokuwa ukingojewa ulikuwa umekwama kwenye matope. Hakuna aliyejua ungekuja lini. Maiti haingojei barabara ikauke. Hari akaja nyumbani kwetu kumwona Baba, aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba inampasa amchome baba yake hapa hapa, kabla jua halijazama, na kwamba hana kuni.

Baba alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akiwa mwenyekiti hupata shida. Aliwakusanya wanaume nje ya ukuta wa kanisa. Mimi nilikuwa nimetumwa kumpelekea koti, nikabaki.

"Huyu ni wa jumuiya gani?" aliuliza Gervas, mpiga kengele wa parokia.

"Hana jumuiya, Gervas. Unajua," Baba akamjibu.

"Basi ni Mwislamu?"

"Si Mwislamu pia."

"Mtu lazima awe kitu! Na akichomwa, siku ya ufufuo atafufuka na nini?"

"Na moshi," mmoja alisema, na wanaume wakacheka huku wakiangalia chini.

Fundi wa visima alikuwa akipita na baiskeli. Alikuja na shirika moja la maji. Tulimwita Mchina, ingawa kila mara alitwambia kwa upole kwamba kwao ni Sri Lanka. Siku alipofika, Gervas huyo huyo alimuuliza dini yake, naye akasema ni Mbuddha. Gervas alifikiri kidogo, akasema, "Sawa, ni kama Msabato." Tangu hapo alialikwa kila mahali ila Jumamosi. Alisimama, akauliza kuna nini, akaambiwa. Aligeuza baiskeli, akaelekea dukani kwa Hari.

Baba alihitimisha kwamba tungemuuliza padri. Padri alikuwa kambini kwa wakimbizi na angerudi kesho kutwa.

Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa nyuma ya nyumba. Jiko letu la nje lilikuwa limeanza kuegemea upande mmoja, na Baba alikuwa ameweka akiba gogo moja refu la mkaratusi, nene, la kulitegemeza. Gogo lile lilikuwa fahari yake. Wageni walionyeshwa. Mama aliliinua upande mmoja, akaniambia nishike mwingine.

"Mama, hili halijapasuliwa," nilisema. Hata mimi nilijua kwamba kuni za kupikia msibani hupasuliwa kwanza.

"Beba."

"Na Baba je?"

"Nimekwambia ubebe au nimekuomba maoni?"

Tukabeba. Njiani wanawake walituona, na mwanamke akimwona mwenzake na kuni kuelekea msibani haulizi jumuiya. Anaingia ndani na kutoka na yake. Mama Gaudensia, mke wa Gervas, alitoka na kijiti chembamba cha kutimizia adabu, akalitazama gogo letu, akarudi kuchukua gogo lake. Hakuna aliyetaka kushindwa. Tulipofika dukani tulikuwa msururu.

Wakalaza kuni uani, wakakaa, wakaanza kuulizana sufuria ziko wapi. Hari alitoka, akatazama lile rundo, akafunika uso kwa viganja. Kisha yeye na fundi wa visima wakaanza kuzichukua moja moja kuzipeleka nyuma ya duka, kwenye uwanja mtupu karibu na kijito. Walipanga chini kwa mapana, kama kitanda.

Mama Gaudensia ndiye aliyeelewa kwanza. "Jamani! Hizi si za kupikia!" Akaruka, akashika ncha ya gogo lake, akaanza kulivuta kuelekea njiani.

Hari alisimama na kuni mikononi. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kukataliwa na anasubiri tu kuambiwa.

"Mama Gaudensia," Mama alisema bila kuinuka, "kuni ikishafika msibani hurudi lini?"

Wanawake walitazama mikono yao. Mama Gaudensia alisimama pale na gogo lake kwa muda ambao mtu angeweza kusali Salamu Maria, akipima kati ya moto wa kule na kifo cha kupeleka jikoni kwake. Akaliachia.

"Haya," alisema. "Lakini langu liwekwe pembeni."

Likawekwa pembeni. Letu liliwekwa chini kabisa, urefu wake wote.

Mwili ulipolazwa juu ya kuni, Hari aliuzunguka akiwa na mtungi wa maji uliotobolewa begani, maji yakidondoka nyuma yake, kisha akauvunja mtungi. Samli ikamiminwa, moto ukawashwa. Fundi wa visima alisimama upande mmoja viganja vimeunganishwa kifuani. Wanawake walisimama mbali kidogo, na kwa kuwa hawakujua la kufanya, wakaanza Rozari. Hari hakuwazuia. Moshi ulikuwa mwingi, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Nami sikulia. Nilifikiri kwamba jioni hatutakuwa na kuni, na kweli tulikula ndizi mbivu na kulala.

Baba aliliulizia gogo lake mara moja. Mama akasema lilikwenda msibani. Msafara ulipokuja, Hari aliondoka na majivu katika mkebe wa mafuta, kwenye mapaja yake, kukatiza Biharamulo. Hakurudi. Duka likawa la mtu mwingine, aliyeongeza urefu wa mlango bila sababu.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama kichekesho, wanawake wa parokia walivyomchoma Mhindi kwa bahati mbaya na kumsindikiza kwa Rozari. Watu hucheka. Sijui ni lini hasa kicheko kilianza kunikwama. Labda nilipojenga nyumba mwenyewe na kujua mtu hutoa nguzo ya jengo lake kwa nani na kwa nini. Wanaume wale ukutani walitaka kwanza kujua Mzee Jivani ni nani mbele ya Mungu. Katika kundi letu bado tunauliza hilo hilo, na mtu mwenye picha ya taa bado anaandika na kuacha.

Jana nilimpigia Mama. Jiko la nje bado lipo, bado limeegemea. Wajukuu hudhani lilijengwa hivyo. Nilimuuliza kama siku ile alijua kuni zilikuwa za nini.

"Siku ipi?"

"Ya Mzee Jivani. Ulichukua nguzo ya jiko. Kwa nini hukuchukua kuni zilizopasuliwa, kama wengine?"

Nilisikia kuku, na mtu akipita akiamkia, naye akiitikia marahaba.

"Mzee Jivani," alisema, "alikuwa mrefu."