Mkaa wa Maganda ya Korosho

Chekeni, lakini taratibu. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Newala. Nilitaka kuthibitisha kwamba mkaa wa maganda ya korosho hunasa rangi iliyo kwenye maji. Nikamimina maji ya wino wa bluu katika mtungi mpya, nikamwachia mwalimu mwenzangu, Mama Neema, autumbukize mkaa. Kila asubuhi nilichota kidogo kwa kata, na rangi ikazidi kufifia. Nikachora grafu, nikawatambia wazazi shuleni: "Wino wote umeng'ang'ania mkaa!"

Wakapiga makofi.

Mama Neema akaingia, katoka kuuguza mgonjwa hospitali ya Mkomaindo. "Nisamehe, Baba Salome, niliitwa ghafla. Mkaa wako huu hapa."

Nikauinamisha mtungi. Ndani hamkuwa na hata punje ya mkaa. Udongo wa mtungi ndio uliogeuka bluu.