Biti Isiyosubiri

Mtaani hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Vidole, na mwenyewe aliitika. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya saluni, ukuta umebandikwa trei za mayai ili sauti isitoke, ingawa ilitoka tu, na waliokuwa wakisukwa upande wa pili walizijua nyimbo kabla ya wenye nyimbo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza biti. Zamani ungehitaji mpiga ngoma, mpiga besi na mpiga gitaa, kila mtu na kisirani chake. Vidole alikuwa na kompyuta. Aliichagulia mtindo, akaiandikia kodi za wimbo, yaani sauti zinazopigwa pamoja, akaiambia kasi, nayo programu ikajaza ngoma, besi na gitaa yenyewe, bila kuchelewa wala kununa.

Kinanda alifundishwa na Mama Mdogo, mdogo wake mama yake, aliyemlea tangu hajui hata kufunga kamba za viatu. Na kufundishwa kwenyewe ni kichekesho, maana Mama Mdogo hajui kupiga kinanda. Ni fundi cherehani. Alishona huku akiimba, na mtoto amekaa chini ya meza na kinanda cha kuchezea, anahangaika kumfuata. Akikwama, Mama Mdogo aliivuta ile sauti, akaivuta, mpaka kidole kipate mahali pake, ndipo akaendelea. Hakuwahi kumwacha nyuma.

Sasa sikieni alicholipwa.

Kwaya yake ilikuwa inaadhimisha miaka mingi tangu ianzishwe, na Mama Mdogo, mmoja wa waanzilishi wachache waliobaki, alipewa wimbo wa kuimba peke yake. Akamwomba mwanawe aje ampigie. Vidole akasema, "Mama, hilo usiwe na shaka, nitakuja." Halafu akapata kazi ya kupiga kwenye harusi siku hiyohiyo, ukumbi mkubwa, watu wazito, akaona aibu kukataa. Badala ya kwenda kumwambia, akatengeneza biti. Hata kukaa naye asikie anavyoimba siku hizi hakukaa. Alichukua kaseti ya zamani ya kwaya, akapima kasi humo, akatia kila kitu kwenye flashi, akampa mwalimu wa kwaya. Kwenye kaseti ile Mama Mdogo ni msichana mwenye mapafu ya kuvukia mlima. Vidole alilijua hilo. Alilijua wakati anabonyeza, na akabonyeza.

Yaliyotokea aliyasikia kesho yake kwa dada wa saluni, aliyekuwepo ukumbini. Biti ilianza vizuri. Ubeti wa kwanza Mama Mdogo alikwenda nayo, wa pili akaanza kuikimbiza, na aliposimama kuvuta pumzi kabla ya kiitikio, biti haikumngoja. Ikamwacha mbele ya ukumbi mzima, mdomo wazi, ngoma zinapiga mbele kwa mbele mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Dada wa saluni alisema hilo ndilo lililomuuma, kwamba hata wale wenye ulimi hawakusema neno.

Vidole akaenda kuomba radhi, maneno ameyapanga njia nzima. Alimkuta Mama Mdogo kwenye cherehani, anatunga uzi.

"Nisamehe, mwanangu," Mama Mdogo alisema kabla mgeni hajakaa. "Nimekuharibia muziki wako. Umehangaika bure."

Angesema ukweli hapohapo, habari ingekwisha, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alivuta kiti akakaa, na Mama Mdogo akamwomba hiyo biti afanyie mazoezi, kwa sababu mwalimu wa kwaya ameahidi kumpa nafasi nyingine siku ya kupokea wageni.

"Nitaikamata tu," alisema. "Si inakaa palepale? Mimi ndiye niliyezembea."

Basi Vidole akarudi studio, akaishusha kasi kidogo, akampelekea, akaapa ndiyo ileile. Alipoona bado anahema, akaishusha tena, akasingizia flashi ya kwanza imeharibika. Kisha tena. Msinielewe vibaya, huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na woga wake aliuita huruma. Mama Mdogo akanawiri. Akawa anapiga simu: "Leo nimeimaliza na pumzi ya akiba ninayo." Akawatangazia wanakwaya kwamba mazoezi yanarudisha ujana, akawaambia wenzake waache kulalamikia magoti na waimbe. Kila aliposifu ile biti, Vidole alijiona kama mwizi anayeshukuriwa na mwenye nyumba.

Siku ya wageni alifika mapema, harusi zote amezikataa, biti ya polepole iko mfukoni. Lakini mwalimu wa kwaya, mtu anayeipenda ratiba kuliko watu, alikwishachomeka flashi yake, ile ya kwanza.

"Tumia hii yangu, mwalimu," Vidole alisema.

"Kwani si ni ileile?"

Vidole akafungua mdomo. Mama Mdogo alikuwa amesimama pembeni yao, gauni jipya alilojishonea mwenyewe, uso unang'aa.

"Ni ileile," alijibu kwa niaba yake. "Weka tu, mwalimu. Hii tumezoeana."

Akapanda jukwaani. Ngoma za mwanzo zikaanza, kwa ile kasi ya kwenye kaseti, na Vidole akamwona Mama Mdogo akigeuka kuitazama spika. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila halikuwa na mwenyewe. Hapo Vidole akachomoa waya. Akaketi kwenye kinanda cha kwaya na kuanza upya, vidole vitupu, bila ngoma. Mama Mdogo aliposimama kuvuta pumzi kabla ya kiitikio, yeye akaishikilia sauti, akaishikilia, mpaka alipokuwa tayari. Wageni walisimama kumpigia makofi.

Vidole alimkuta Mama Mdogo nyuma ya ukumbi, kando ya viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

"Kwa nini umeizima?" Mama Mdogo aliuliza. "Nilikuwa naiweza."

"Ile ilikuwa ya kwanza, Mama. Ya nyumbani niliipunguza kasi."

"Mara moja?"

"Mara tatu."

Akavuta kiti kimoja, akakaa. "Kwa hiyo sikuikamata."

"Hapana, Mama. Na siku ile hukuharibu kitu. Kasi niliitoa kwenye kaseti. Nilikuwa na harusi, na sikutaka kuja kukwambia."

Mama Mdogo hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alifungua mkoba wake, akatoa ile flashi ya mazoezi, akamwekea mkononi.

"Nimewaambia watu wote," alisema taratibu. "Siku nyingine ukiwa na safari yako, niambie. Nitaimba bila wewe. Nilikuwa naimba kabla hujazaliwa."

Akaingia ndani kukaa na wenzake. Vidole akabaki amesimama na flashi mkononi. Ilikuwa ndani ya kifuko kidogo cha kitambaa, kimeshonwa kwa mkono pindo zote, kina hata kifungo, isije ikaingia vumbi.