Neno Lililomkasirisha Bibi wa Idodi

Nyumba yetu ya Ilomba siku hizi ina ukimya ambao sijauzoea. Watoto wamekua, wengine wameoa na kuolewa, na asubuhi nikikaa mezani kuandika hakuna anayenivuta kanga akiuliza soksi yake ya pili iko wapi. Hadithi zangu nyingi za watoto niliziandika katikati ya kelele hizo, mchicha upande huu wa meza, karatasi upande ule, huku nikimkemea mtu ashuke juu ya mparachichi. Sasa muda ninao wote, lakini kurasa haziendi. Nazikumbuka zile kelele mpaka moyo unauma.

Wengi walikaa kwetu kwa muda tu. Ofisi ya ustawi wa jamii walishanizoea, nami sikujua kusema hapana. Mtoto analetwa, anakula, ananawiri, ndugu zake wanapatikana, anaondoka. Mimi najifungia chumbani kulia, na baba watoto ananiambia mlangoni, "Mama, si ndiyo kazi uliyomwomba Mungu?" Basi namnunia siku nzima, maana ni kweli niliiomba.

Lakini yule binti wa Kihehe sikutaka aondoke. Baba yake alikuwa kibarua kiwandani Iyunga, akafariki, na mama alikuwa ameshatangulia. Aliletwa kwangu kabla hajaanza shule. Alipofika darasa la pili alikuwa anaongea Kinyakyusa cha nyumbani kwetu vizuri kabisa, na alikitumia zaidi kunipa amri. Tukaamua kumuasili, awe wetu kisheria. Tukaambiwa bibi yake mzaa baba yupo Idodi, bila ridhaa yake hakuna kitu, na akimtaka mjukuu wake atarudishiwa.

Nilikwenda na binti mpaka Iringa, tukalala, kesho yake tukashuka Idodi. Mimi na sweta langu la Mbeya, jasho linanitiririka kwenye joto lile, mkononi nimebeba mchele wa Kyela na kitenge. Bibi tulimkuta uani anapukuchua mahindi na mwanawe mdogo, yaani baba mdogo wa binti. Alimkumbatia mjukuu wake asimwachie. Nikaona nisipoteze muda, nikasema yale niliyokuwa nayafanyia mazoezi njia nzima.

"Mama, tumekuja kwa heshima zote. Tunaomba ruhusa yako tumuasili mjukuu wako."

Mikono yake ikasimama kwenye gunzi. "Mumuasi?"

"Tumuasili, mama."

"Kuasi nakujua. Mchungaji anahubiri kila siku, aliyeasi ni Shetani. Huyu mtoto kawakosea nini mpaka mje kwangu kusema mnamuasi?" Akainuka na magoti yake mabovu, akamshika binti mkono. "Kama mmemchoka, si mseme? Ataishi hapa." Wakaingia ndani, mlango ukafungwa.

Mimi ni mtu wa maneno. Watoto wa shule ya Jumapili wanasoma vitabu vyangu, na nikisimama mbele ya akina mama kanisani sibabaiki. Siku ile neno moja lilikuwa linaninyang'anya mwanangu. Baba mdogo akamtoa mama yake taratibu, akamweleza kwa Kihehe, maelezo marefu kwelikweli kwa neno fupi namna ile. Bibi akarudi kwenye kigoda chake, bado amekunja uso.

"Anasema unataka awe mwanao."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi atakuwa nani wangu?"

Swali hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Nilifungua mdomo, nikalia. Nililia vibaya, kilio cha kamasi, mbele ya watu waliokuwa wamenifahamu tangu saa ile tu. Niliona wazi kwamba nitarudi Mbeya mikono mitupu, na kwamba yule mama ana haki yote.

Binti akatoka ndani mbio. Akanifuta uso kwa pindo la gauni lake la kanisani, akaniambia jambo kwa Kinyakyusa, kwa ukali wake uleule.

"Kasemaje?" bibi akauliza.

"Kaniambia ninyamaze, natia aibu."

"Huwa anakuamrisha hivyo?"

"Kila siku, mama."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Baba yake mtupu!" Kisha naye machozi yakamtoka.

Alipojifuta akanitazama kwa makini. "Ukoo wetu hatuli maini. Ni mwiko. Huyu umemlisha?"

"Nimemlisha, mama. Sikujua."

"Sasa umejua."

"Hatakula tena."

"Na wewe je?"

Mungu anajua nilivyokuwa nayapenda maini, ya kukaanga, na vitunguu vingi. "Na mimi sili tena, mama."

"Basi, nenda naye. Lakini msimuasi."

Mahakama ilimaliza mambo yake baadaye, na karibu kila Krismasi tukawa tunashuka Idodi. Maini nyumbani kwangu hayajaingia tena. Baba watoto akiyatamani anakwenda kuyala mjini, akirudi anapiga mswaki kwanza, maana binti alikuwa akimnusa mdomo.

Mwaka jana bibi alifariki. Binti sasa ni mwalimu, na tulikwenda pamoja kuzika. Nilikaa nyuma na wageni waliotoka mbali, kama ilivyonipasa. Mzee wa kanisa akasoma wasifu wa marehemu: alipobatizwa, alipoolewa, alivyoimba kwaya. Akafika mwisho: "Marehemu ameacha watoto wanne."

Mimi nilijua walio hai ni watatu. Na kwa kuwa mwandishi hawezi kuvumilia kosa hata msibani, nikamvuta shati baba mdogo aliyekuwa anapita kupanga watu wa kuweka udongo. Nikamnong'oneza kwamba wamekosea, ni watatu, wasahihishe mapema.

Akaniangalia kama mtu anayeniona siku ya kwanza.

"Ni wanne, dada," akasema. "Mama mwenyewe alisema tuandike hivyo. Inuka, twende mbele tukamzike mama yetu."