Mama Mita na Adapta ya Volti Tano

Fundi redio huyu watu humwita Mama Mita, kwa kuwa haamini waya wowote ambao mita yake ya kupimia umeme haijaugusa. Vidole vyake vifupi vina makovu madogo ya chuma cha kulehemu, na hufanya kazi akijiimbia kwa sauti ya chini, akinyamaza tu anapopima. Asubuhi moja jirani yake, fundi cherehani, alimletea kibao cha kielektroniki alichohangaika nacho miezi mitatu, ili taa iwake kila mtu anapobisha hodi, maana mkewe hasikii. Mpaka hapo kilikuwa kikipata umeme kwenye kompyuta. Sasa alitaka kitumie adapta. Alipotaka kuichomeka, Mama Mita akamshika mkono.

“Taratibu, shemeji. Imeandikwa volti tano, lakini yenyewe inasemaje?”

Mita ikaonyesha kumi na mbili. Fundi cherehani akaketi kwenye benchi.

“Ningekiunguza.”

“Tungenusa moshi wake mpaka jioni,” akasema Mama Mita akicheka.

Akapekua kopo lake, akatoa adapta nyingine, akaipima mara mbili. Akachomoa waya wa kompyuta uliokuwa bado kwenye kibao. “Mtoto asinyonye kwa mama wawili, atavimbiwa.” Akaunga waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, ndipo akawasha.

Mchana huohuo walikifunga nyumbani kwa fundi cherehani, na Mama Mita akatoka nje kubisha. Taa ikamulika ukutani. Fundi cherehani, aliyezoea kumgusa mkewe bega kila mgeni anapofika, alibaki kitini akimtazama akifuta mikono na kwenda kufungua mwenyewe.