Kasha la Mingoyo

Shemeji yangu alikuja kuchukua kasha siku ya kumi na saba ya eda yangu. Alijua siwezi kutoka. Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani, nyumbani kwetu Kivinje, nikasikia wapagazi wawili wakivua makubazi mlangoni.

"Shikamoo, shemeji," nikasema nikiwa ndani.

"Marahaba. Pole tena. Nimekuja kuchukua kasha. Ni mali ya ukoo, nalihifadhi lisije likaliwa na mchwa."

"Hilo ni la baba yangu, shemeji. Alinipa nilipoolewa."

Akacheka. "Baba yako alikuwa fundi wa vitanda vya kamba, bibie. Usijitafutie nasaba msibani."

Wapagazi nao wakacheka. Kisha nikasikia kifuniko kikifunguliwa na nguo za marehemu zikimwagwa sakafuni: kanzu zake nne, vikoi, shati la harusi ya mpwa wake. Nilikuwa sijazifua kwa makusudi, kwa sababu zilikuwa bado na harufu ya udi na jasho lake. Mpagazi mmoja aliona haya, akazikusanya kwenye kiroba cha sembe. Nilipotoka nyuma ya pazia, sakafuni palikuwa na mraba safi, pale kasha lilipokaa miaka thelathini.

Siku za eda zilizobaki, waliokuja kunipa pole waliniona nimeinamisha kichwa na tasbihi mkononi, wakadhani namdhukuru Mungu. Nilikuwa nampangia shemeji yangu.

Nyumba yake iko Kilwa Masoko. Ana chumba kimoja kikubwa anachokiita majlisi, na humo ameweka vitu alivyokusanya tangu ujanani: mirashi ya fedha ya kunyunyizia marashi, vyetezo vya udi, mabuli ya kahawa yenye midomo mirefu, majambia mawili, sahani za kauri, na msahafu ulioandikwa kwa mkono ambao haruhusu mtu kuugusa. Ukutani kuna picha za wazee wenye vilemba. Sitasema uongo, ni vitu vizuri. Wala hauzi hata kimoja. Huvifuta vumbi mwenyewe, na wageni wakija huwaambia, "Hawa ndio sisi, Waarabu wa Kilwa." Katika hiyo "sisi" mimi sikuwahi kuhesabiwa. Mimi ni Mmwera, binti wa fundi wa Mingoyo.

Kasha lile baba alilichonga kwa mti wa mninga mwaka mmoja kabla ya ndoa yangu. Shaba hakuwa nayo. Alipata mabati ya shaba kutoka kwenye mashine mbovu ya shamba la mkonge, akayakata, nami nikayashika yasiteleze huku yeye akigonga misumari. Upande wenye maandishi ya kiwandani aliugeuza ndani. "Nje pawe pa watu," aliniambia, "ndani pawe petu."

Mama mkwe hakunitaka. Siku ya kwanza kuliona kasha, mume wangu alimwambia limetoka Maskati. Alisema hivyo kwa kunipenda, ili mama yake anitazame kwa jicho jingine. Na kweli alinitazama. Mwaka uliofuata mama mkwe akawa anawaambia wageni kwamba limekuja na babu. Baadaye babu akawa amelibeba kutoka kwa baba yake. Mimi nilikuwepo, namimina kahawa, nimenyamaza. Baba yangu aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Alikuja mara mbili kututembelea, akakaa mkekani mbele ya kazi ya mikono yake, akasikia ikisifiwa kuwa ya wengine. Alimaliza kahawa yake, akaaga. Niliogopa hata kumtazama.

Kwa hiyo shemeji hakuiba akijua. Aliamini. Ningeweza kumwita faraghani nikamweleza. Sikutaka. Nilitaka pawe na watu.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa, nikaenda Masoko siku ya Ijumaa baada ya sala, wakati wageni wake wanapokuja. Walikuwepo kama kumi, wengine wametoka Dar. Kasha lilikuwa katikati ya chumba, limepakwa mafuta.

"Karibu, shemeji. Umetoka eda salama?"

"Salama."

Akaendelea na wageni. "Hili limevuka bahari na babu yetu. Tazameni nakshi. Mkono wa namna hii huku kwetu haupo."

"Mkono huo umezikwa Mingoyo," nikasema.

Watu wakageuka. Shemeji akatabasamu kama anayemvumilia mgonjwa. "Huyu mjane wa ndugu yangu, msimtilie maanani."

"Bandua bati la chini, la kona ya kulia. Kama kwa ndani hakuna herufi za mashine ya mkonge, nitaomba radhi hapa hapa nimepiga magoti."

Aliagiza bisibisi mwenyewe. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Aliing'oa misumari mmoja mmoja, taratibu asiharibu, akaligeuza bati kwenye mwanga wa dirisha. Herufi za Kizungu na namba, zimesimama kama jana. Akazipitisha kidole.

Bibi mmoja wa Masoko akapiga kofi. "Loo! Kumbe Maskati yenyewe ni ya Mingoyo!"

Kicheko kilijaa chumba. Kufika Jumapili, jina la "Maskati ya Mingoyo" lilikuwa limeshafika soko la samaki, na mpaka leo watu humwita hivyo akipita. Nilikuwa nimekisubiri kicheko kile miezi minne, nikakinywa chote.

Lakini shemeji hakunitukana. Aliniuliza kwa sauti ndogo, mbele ya wote, "Kwa hiyo ndugu yangu alikuwa mwongo?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Mume wangu hakuwa na wa kumtetea pale ila mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Alisema uongo. Na mimi nikaunyamazia."

Shemeji akakaa chini na bati mkononi, akalia. Nilimwacha analia.

Kasha lililetwa kwa guta wiki ile ile. Nguo nilizirudisha ndani, zinanuka unga wa sembe. Ndugu wa mume wangu hawaji tena kwangu, na kwenye hitma ya mwaka tulisoma majirani tu. Wanasema nimemvua nguo maiti. Ni kweli.

Mwezi uliopita shemeji alimtuma mwalimu wa madrasa. Anaomba kasha lirudi majlisi, pale pale katikati, na safari hii liandikwe jina la baba yangu na mji wake, kila mgeni alisome. Mwalimu akaniambia, "Mama, huyo mtu ameshuka. Baba yako atapata heshima ambayo hukumpa ukiwa na nafasi."

Anasema kweli. Najua baba angekubali. Mwalimu amekuja mara tatu, na mara zote tatu nimejibu hapana. Nikishasema hapana najisikia vizuri, nafagia, napika, naimba. Raha hiyo hunikaa mpaka alasiri, kisha hunitoka, nami hukaa nikisubiri mwalimu aje tena nimkatalie.