Jenereta Iliyokataa Kuzimika

Kosa hili ni langu, simlaumu mtu. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa mota mjini Embu. Zahanati moja kule Kibugu iliniita nitengeneze jenereta yake ndogo, iliyozungushwa na maji ya mto. Ndiyo iliyoendesha friji ya chanjo. Waya mnene ulikuwa umeniishia, nikasuka koili, yale mazongo ya waya yanayozalisha umeme, kwa waya mwembamba.

Saa moja baada ya kuiwasha, Sista Wanja, muuguzi, aliigusa akarudisha mkono haraka. "Fundi, mbona inachoma hivi?"

"Ni mpya, Sista. Itazoea." Nikajisifu kwamba nimeweka koili tatu, na moja ikiungua, mbili zitaendelea na kazi.

Haukupita muda, moja ikaungua. Nilizima swichi, nikawageukia akina mama waliokuwa wameleta watoto kuchanjwa. "Msiogope, nimeizima."

Moshi ukazidi. Nikang'oa nyaya zote zilizopeleka umeme nje, bado ukazidi. Nilikuwa nimesahau kwamba ndani mna sumaku, na sumaku haina swichi. Maadamu ilizunguka, koili iliyopiga shoti iliendelea kujichoma kwa umeme wake yenyewe. Ya pili nayo ikashika moto.

Sista alikuwa tayari anahamishia chanjo kwenye sanduku la barafu. Mama Njoki, mfagiaji, aliteremka mtoni akafunga maji kwa ubao. Mashine ikasimama.

Aliporudi, aliniuliza kwa upole, wote wakisikia: "Fundi, kwani wewe ulidhani inazungushwa na hiyo swichi?"