Nyumba ya Vioo Iliyompinda Kinyonga Miguu

Saa moja na robo asubuhi, duka lingali limefungwa, fundi vioo amechuchumaa uani akiwa na kikombe cha maji na unyoya wa kuku. Anauchovya unyoya, anadondosha maji juu ya jani moja, tone kwa tone, kisha anasubiri. Ndani ya kizimba cha chandarua, kinyonga asiyezidi urefu wa kidole cha shahada analitazama tone hilo kwa jicho moja. La pili limefumba. Hanywi.

"Jana alilamba mara mbili," anasema fundi. "Leo bado."

Anasubiri dakika ishirini. Mteja anagonga mlango wa mbele, anagonga tena, anatukana kidogo, anaondoka. Fundi hageuki.

Wateja wanamwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno analomwambia kila anayetoka dukani kwake na kioo begani. Ana miaka arobaini na sita, na kati ya hiyo ishirini na miwili ameimaliza akikata vioo. Makovu yamemjaa mikononi kiasi kwamba siku ya kuandikisha vitambulisho, mashine ilivikataa vidole vyake mara tatu. Zamani alikuwa anaweka vioo vya madirisha kumi kwa wiki. Siku hizi madirisha ya alumini yanaletwa yakiwa na vioo vyake tayari, na wiki ikiwa nzuri anapata matatu.

Kinyonga naye anaitwa Bosi. Jina hilo alipewa na binti wa fundi, mwenye miaka tisa, kwa maelezo kwamba hafanyi kazi, analetewa chakula, na akitembea hana haraka na mtu. Lakini binti mwenyewe haishi hapa tena, na hicho ndicho kinachomfanya baba mtu mzima achuchumae na unyoya asubuhi yote hii.

Mama wa mtoto alifariki mwaka juzi. Baba na binti walibaki kwenye vyumba viwili vilivyo nyuma ya duka. Fundi anasema alijitahidi. Alijifunza kusuka nywele, akashindwa, akajifunza kubembeleza majirani wasuke. Alifagia kila usiku baada ya kufunga kazi. Lakini kigae cha kioo kinajua kujificha, na wiki tisa zilizopita kimoja kilimpata mtoto kwenye kizingiti cha mlango wa chumbani. Alishonwa nyuzi kumi na moja kwenye unyayo.

Siku ya pili yake bibi wa mtoto, mama mzazi wa marehemu, alifika na begi tupu. Aliondoka nalo limejaa.

Asubuhi hiyo ya kuondoka, mtoto alikuwa anachechemea uani akiaga kila kitu, ndipo akamwona kinyonga mchanga kwenye wigo. Alimtia ndani ya kasha la kiberiti. Bibi akasema mdudu huyo haingii nyumbani kwake, hata aombwe kwa magoti. Mtoto alilia kilio ambacho, kwa mujibu wa baba yake, hakukilia hata siku ya kushonwa.

"Ndipo mama akaniambia, baki naye wewe," anasema fundi, akimaanisha mkwewe. "Akasema, mtoto akija likizo akimkuta mzima, tutazungumza habari ya kurudi."

Mwandishi alimpigia simu bibi huyo, naye hakukana. "Nilisema ili mtoto anyamaze. Lakini nilisema, na neno langu siligeuzi," alijibu. "Sina ubaya na mkwe wangu. Ni mtu wa watu. Ila nyumba yake inakata."

Fundi hakuwahi kufuga hata kuku. Akafanya alichokijua, akamjengea Bosi nyumba. Alichagua kioo cha milimita nne kisicho na doa wala kiputo. Kingo alizipiga msasa mpaka kidole kinateleza, pembe akazishika kwa silikoni, juu akaacha matundu ya hewa. Ndani akasimamisha tawi lenye majani, kisha akaiweka nyumba nzima dirishani, upande linapoingia jua la asubuhi. Chakula kilitoka kwenye kopo la maganda ya ndizi, ambamo alifuga vijinzi kwa maelfu, mradi uliomkosanisha na fundi cherehani wa mlango wa pili.

"Nikamwambia, shemeji, kila mtu na mifugo yake," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza leo anakaribia kucheka.

Watu walikuja kuitazama nyumba hiyo. Wawili waliagiza kama ile kwa ajili ya samaki. "Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya," anasema. "Na mimi nimeweka vioo kwenye benki."

Kila asubuhi aliipangusa kwa gazeti, ndani na nje, mpaka ing'ae. Na kila alipomaliza, Bosi alijitutumua, akawa mweusi, akaachama mdomo. Fundi alifurahi sana. Alimpiga picha akaituma kwenye simu ya bibi ili mtoto aone, na chini yake akaandika, "Anacheka."

Wiki ya tano miguu ya mbele ilianza kupinda. Wiki ya saba Bosi akawa anarusha ulimi, unaishia nusu ya njia, kijinzi kinaondoka zake. Mwanzoni fundi alidhani ni utoto. Wiki iliyopita alimbeba kwa daktari wa mifugo, akapanga foleni kati ya mbuzi mwenye jipu na mama mwenye kuku watatu waliofungwa miguu.

"Nilitaka kucheka," anakiri daktari huyo, mwanamke ambaye wagonjwa wake wengi wana kwato. "Kisha nikamwona uso."

Alimwambia kwamba mifupa ya mnyama imelegea kwa kukosa jua. Fundi akapandisha sauti mbele ya watu. "Jua? Anakaa juani kutoka asubuhi mpaka adhuhuri!"

"Anakaa nyuma ya kioo," daktari alimjibu. "Joto linapita. Kile kinachojenga mifupa kinabaki nje."

Kisha akamwuliza kama huwa anageuka mweusi na kuachama. Fundi alitoa simu harakaharaka, akamwonyesha ile picha. Daktari aliitazama, halafu akamweleza taratibu kwamba kinyonga alikuwa anajiona kwenye kioo. Hakujua ni yeye. Alidhani kuna mwenzake amemjia kwa shari, na mwenzake huyo hakuondoka tangu kuche hadi kuchwe.

"Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nampangusia adui yake," anasema fundi. Analisema hilo akiwa anatazama sakafu. Miaka ishirini na miwili anauza kioo, na hakuwahi kujua kwamba kuna kitu cha jua kinachobaki nje.

Siku hiyohiyo alilitoa tawi, akashona kizimba cha chandarua na kukitundika uani penye jua lisilo na kizuizi. Nyumba ya vioo iko chini ya meza ya kukatia, imefunikwa gunia. Alipoulizwa kwa nini hajaivunja, alijibu kwamba vigae vitatapakaa.

Daktari alimpa dawa ya matone ya kuimarisha mifupa, lakini ahadi hakumpa. Miguu iliyokwisha kupinda haitanyooka. Bosi ana siku nne hajala. Leo ni Jumatano, na mtoto anakuja likizo Jumamosi.

Wazo la kumwokoa fundi lilitoka kwa jirani yule wa cherehani, ambaye alishasamehe mambo ya vijinzi. "Nilimwambia, vinyonga wamejaa kwenye wigo, shika mwingine," anasema mama huyo huku akiendelea kukanyaga cherehani. "Mtoto atajulia wapi? Ananiona sina huruma. Mimi namhurumia yeye."

Juzi Jumatatu fundi alimpata. Umbo lilelile, miguu imenyooka, hasira za kutosha. Alimtia kwenye kopo, akaliweka juu ya meza, akakaa nalo saa nzima bila kukata hata kipande kimoja. Halafu akamrudisha kwenye wigo.

"Mtoto angejua," anasema. "Na asingejua, ndiyo mbaya zaidi. Ningekuwa nimemwiba mwanangu mwenyewe."

Kila siku saa kumi jioni, akishatoka shule, binti hupiga simu na swali ni moja. Kwa siku tatu baba yake amelijibu kwa neno moja, "Amekula." Leo simu inaita, naye anaiacha iite mara nne. Kisha anaibonyeza kwa kiwiko na kuifungulia spika, kwa kuwa mikono imejaa puti ya kushikia kioo.

"Shikamoo baba. Bosi amekula?"

"Marahaba, mama. Hajala. Jana pia hakula, na juzi. Nilikudanganya."

"Kwa nini hali?"

"Miguu imempinda. Ile nyumba niliyomjengea ndiyo imemharibu."

"Atakufa?"

"Sijui, mama. Naona kama atakufa."

Mtoto halii. Inasikika simu ikipita mkono hadi mkono, na sauti ya bibi inaingia karibu kabisa.

"Nimesikia," anasema. "Nimeyasikia yote."

"Ndiyo, mama."

"Jumamosi tunakuja saa nne. Na usifagie usiku, usiku huoni vizuri. Fagia mchana."

"Sawa, mama. Na mtoto, je, atalala, au..."

Simu imeshakatika. Fundi anabaki akiitazama, kisha anafuta mikono kwenye suruali na kutoka uani. Bosi ameshuka mpaka kijiti cha chini kabisa, amepauka, kidevu amekilaza juu ya ukuni. Fundi anachovya unyoya na kudondosha tone jingine. Halilambwi.

Anarudi ndani, anachukua ufagio na kitambaa kibichi, anapiga magoti kwenye kizingiti cha mlango wa chumbani. Mwandishi anamwuliza Jumamosi atamwambia nini mkwewe. Anakipitisha kitambaa kwenye kizingiti mara mbili.

"Sitaomba arudi," anasema. "Nitaomba awe anakuja Jumapili tu. Jumapili sikati kioo."